Dogo wa darasa la tatu na mkono ambao hakuna aliyeuangalia

Nafanya kazi mashuleni huku Marekani, kwenye jimbo moja la baridi kali, cheo changu ni msaidizi wa tiba kazi, ile tiba ya kumwezesha mtu afanye shughuli zake za kila siku, wenyewe wanatuita COTA. Kisa nnachoeleza hapa nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mtoto asijulikane, jina lake simtaji, tumwite tu dogo. Nimeamua kukiandika chote kwa sababu Waswahili tunazidi kuongezeka kwenye hizi kazi na pia wazazi wengi wa kwetu wanaitwa shuleni kuambiwa "mtoto wako anahitaji OT", yaani hiyo tiba kazi, na wanatoka kwenye kikao hawajaelewa hata nusu.

Kwanza nani anafanya nini, maana bila hapo kisa hakieleweki. OT mwenyewe, yaani mtaalamu wa tiba kazi, ndo anapima mtoto, anaandika ripoti na anapanga malengo. Mimi nilisoma ile digrii ya miaka 2, nikaenda field wiki 16, nikafanya mtihani wa taifa wa NBCOT, nikachukua leseni ya jimbo. Kupima mtoto mwenyewe na kutoa hitimisho siruhusiwi, naweza kuchangia tu, tena chini ya OT. Ila sasa OT wangu ana shule nyingi mno, anapita pale siku moja moja, anayeonana na watoto wiki hadi wiki ni mimi, yaani mimi ndo macho yake, na ninachoandika kwenye noti zangu ndo kinachomfanya aje mbio au asije. Kingine, shuleni hatutibu kama hospitali. Sheria ya IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo mwanzo wake ni 1975, inatuweka kwenye kundi la huduma za kumsaidia mtoto afaidike na masomo, kwahiyo huwezi kumtoa mtoto darasani ukae unamnyoosha vidole tu kwa vile vidole vimekaza, lazima uonyeshe hivyo vidole vinamzuia nini pale shuleni.

Haya, dogo. Miaka 8, katoka Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996, wazazi wake ni Wakongo wa Kivu Kusini na yeye mwenyewe kazaliwa hapo hapo kambini. Kafika Marekani, kawekwa darasa la tatu, Kiingereza hakuna. Baada ya muda mwalimu wake akajaza fomu ya kuomba dogo aangaliwe, na orodha ilikuwa ndefu: maandishi hayasomeki, anakandamiza penseli mpaka inavunjika, karatasi inahama hama mezani, hakai kwenye kiti anasimama simama, hawezi kufunga zipu ya jaketi, hawezi kufungua pakiti ya maziwa, mkasi hauwezi, na mchana hali chakula. Chini kabisa kaandika anahisi mtoto ana tatizo la kutulia, si unajua hiyo sentensi huku inaishia wapi.

Upande wa pili kulikuwa na mwalimu anayefundisha Kiingereza watoto wageni, mama mmoja mzuri sana kwa kweli, anawapenda hawa watoto kuliko hata sisi ndugu zao, yeye akasema hapana, mwacheni mtoto apumue. Katoka kambini, hajawahi kuvaa jaketi la zipu maishani, hajawahi kuona pakiti ya maziwa ya vile, subirini ajue lugha kwanza. Na alikuwa na sheria mkononi, maana IDEA inakataza kabisa kumhesabu mtoto ana ulemavu kama sababu kubwa ni kutojua Kiingereza au kutofundishwa ipasavyo. Hiyo sheria imewekwa kwa sababu nzuri, watoto wengi wageni walikuwa wanasukumwa elimu maalumu kwa kosa la kutojua lugha tu.

Sasa hapo ndo shule nyingi zinakwama. Wa kwanza anasema mgonjwa, wa pili anasema mgeni, na wote wawili wanaongea kwa sauti ya huruma, hakuna aliyekaa karibu na mtoto nusu saa akaangalia anafanyaje. OT akanituma darasani wakati wa kuandika, siyo kupima, kuangalia tu na kuandika ninachokiona.

Kitu cha kwanza nilichokiona nilicheka kimoyomoyo. Yale maandishi "yasiyosomeka" yalikuwa yanasomeka vizuri tu! Kule Nyarugusu watoto wa Kikongo wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na wanafundishwa mwandiko wa kuunga tangu wadogo, ile r yenye kibega, s iliyoinama, z yenye mkia. Mwalimu wake ni binti mdogo, hajafundishwa mwandiko wa kuunga hata yeye mwenyewe, kwahiyo anaangalia daftari la dogo anaona nyoka wanapishana. Nikamkalisha nikamwonyesha hii ni r, hii ni z, akasoma mstari mzima akashika mdomo. Basi kama ningeishia pale ningesema yule mama wa Kiingereza yuko sahihi, mtoto ni mgeni tu, kwaheri.

Ila karatasi ilikuwa kweli inahama. Na penseli kweli alikuwa anaikandamiza. Nikaangalia mkono wa kulia, ndo ambao kila mtu alikuwa anauangalia, mwalimu alishamvalisha na kile kimpira cha penseli cha pembe tatu. Mkono wa kulia hauna neno. Anashika penseli kwa vidole vinne badala ya vitatu, na watu wa zamani wangesema amekosea, lakini kuna utafiti wa Kanada wa 2012 kwa watoto wa darasa la nne ulilinganisha mishiko minne ya penseli na hawakukuta tofauti ya kasi wala usomekaji, kwahiyo mimi kimpira nikakitoa nikaweka mfukoni.

Nikahamisha macho kushoto. Mkono wa kushoto haupo mezani. Uko mapajani, umevutiwa mkono wa sweta mpaka umefunika vidole. Karatasi ikikimbia dogo anaongeza nguvu kwenye penseli ili kuibana, penseli inavunjika. Akichoka na hiyo, anasimama, anainamia meza, anaweka kigasha chote cha kushoto juu ya karatasi na uzito wa mwili, afu hapo anaandika vizuuri kabisa, mstari umenyooka. Mwalimu anamwambia sit down please. Anakaa. Karatasi inakimbia. Anasimama tena. Ile "hatulii" yote ilikuwa ni hiyo, mtoto anatafuta namna ya kushikilia karatasi!

Baada ya hapo kila kitu kwenye orodha nikakiangalia kwa macho mengine. Zipu: nilimwonyesha mara moja kwa Kiswahili akaelewa hapo hapo, kwahiyo siyo ugeni tena, lakini ile sehemu ya chini ya zipu ambapo mkono mmoja unashikilia na mwingine unachomeka, yeye alikuwa anaegemea ukuta, anabana pindo la jaketi kwa kifundo cha mkono wa kushoto dhidi ya tumbo, kisha anachomeka kwa kulia. Wakati mwingine inakubali, mara nyingi wenzie wameshatoka nje. Mkasi: karatasi anaibana kwapani, anakata kwa kulia huku ameinamisha kichwa. Maziwa: meno.

Na chakula. Hili ndo liliniuma. Walimu walikuwa na nadharia zao, mara hajazoea chakula cha Kizungu, mara labda ni Muislamu anaogopa nguruwe (wala siyo Muislamu, familia ni Wapentekoste wa kukesha). Nikaenda kantini siku ambayo nina mtoto mwingine pale, nikamwona dogo anaingia foleni, anafika kwenye trei anazipita, anachukua tufaha moja anatia mfukoni, anaenda kukaa. Nikamuuliza mbona huchukui chakula, akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu, akasema "ile sahani inamwagika." Trei ya kantini ni bapa, ina maziwa juu, ina supu siku nyingine, inabebwa kwa mikono miwili, na ukimwaga mbele ya watoto wa kule utakoma. Chakula chenyewe analipiwa, bure kabisa, na alikuwa anashinda na tufaha.

Nikaandika noti. Hapa niseme kitu kwa wanaosomea hii kazi: sikuandika jina la ugonjwa wowote, na msijaribu, siyo kazi yetu na leseni utaitafuta. Niliandika nilichokiona, kwamba mkono wa kushoto anautumia kwa kigasha na kifundo badala ya vidole, kwamba akitembea haraka kiwiko cha kushoto kinakunja na ngumi inafunga na dole gumba linaingia ndani ya kiganja, kwamba akiweka uzito juu ya karatasi mwandiko unanyooka. Na lile la chakula. OT alisoma jioni ile ile, kesho yake alinipigia kabla sijafika kazini, akasema hapa hatusubiri Kiingereza.

Ila huwezi kupima mtoto bila mzazi kusaini, na kwa sheria ile karatasi lazima mzazi aielewe kwa lugha yake, na akishasaini siku 60 zinaanza kuhesabiwa kwa kanuni ya serikali kuu kama jimbo halijaweka muda wake. Shule ikaona rahisi: si tunaye Mswahili hapa hapa? Wakaniomba nitafsiri kikao. Nilikataa, na najua wapo walionuna. Sababu ni hii: mimi niko kwenye timu, noti ni zangu, nina maoni yangu kuhusu mtoto, halafu nikae katikati nitafsiri maneno ya mama yake kwenda kwa bosi wangu? Mama akitaka kukataa atakataaje wakati mkalimani ndo mtu mwenyewe anayeomba? Shule inatakiwa ilete mkalimani wake na ilipie. Wakapata wa simu, mtu wa Mombasa kwa lafudhi yake, alikuwa mzuri tu, ingawa kuna mahali yeye na mama walikuwa wanapishana hadi nawaonea huruma, Kiswahili cha Fizi, kwao mama kule Kivu Kusini, na cha Mombasa ni ndugu lakini kila mmoja na nyumba yake.

Kwenye fomu ya afya ya wakati wa kuandikishwa kulikuwa na swali kama mtoto ana ugonjwa uliothibitishwa na daktari, mama alijibu hapana, na alisema ukweli, hakuna daktari aliyewahi kumpa jina. OT wangu ana akili, hakuuliza hivyo. Aliuliza toka azaliwe aliwahi kuumwa sana mpaka ukaogopa? Mama akanyamaza kidogo afu akaeleza, mtoto akiwa anatambaa kuelekea kutembea alipata malaria kali, degedege, akapoteza fahamu, wakalazwa hospitali ya kambi siku nyingi, alivyoamka upande wa kushoto ulikuwa umelegea. "Mkono ulikuwa muzito, halafu ukapona. Huyu mutoto iko na akili, mwalimu, anachota hadi maji." Na kwa macho yake kweli umepona, mtoto anatembea, anakimbia, anabeba ndoo kichwani na kuishika kwa kulia. Ukilinganisha na wale aliowaona hawakuamka kabisa pale wodini, nani atamwambia mtoto wake hajapona?

Halafu akauliza swali ambalo Wamarekani pale mezani hawakulitegemea hata kidogo: mkimwandika kilema, watatunyima makaratasi? Yaani huyo mama muda wote anaitikia kwa kichwa, kumbe anawaza green card. Mfanyakazi wa jamii wa shule akamjibu vizuri, kwamba wakimbizi ile sheria ya kumnyima mtu green card kwa kuwa mzigo kwa serikali haiwahusu na huduma za shule hazipelekwi uhamiaji. Mkalimani akarudia mara mbili. Mama akasaini. Ndugu zangu mnaokaa kwenye hivi vikao, jueni hilo swali lipo hata kama halijaulizwa.

Vipimo vyenyewe sitavichimba sana. Kunakili maumbo kwa penseli alikuwa wastani. Ilipofika sehemu ya kazi za mikono miwili, kuhamisha vitu toka mkono huu kwenda huu, kushona shanga, hapo ndo tofauti ikaonekana kubwa, na OT akaandika tahadhari kwamba vipimo vimesawazishwa kwa watoto wa huku, kwahiyo namba peke yake isitumike, zisomwe pamoja na yaliyoonekana darasani na kantini. Nesi wa shule akamwelekeza mama kwa daktari wa watoto, naye akampeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, jibu likarudi kwamba upande wa kushoto una udhaifu kiasi, na historia ile ya malaria inalingana nao.

Kikao cha pili kilikuwa na ubishi mwingine ambao wazazi wengi hawaujui. Wengine kwenye timu walitaka dogo apewe IEP, yaani aingie elimu maalumu. Lakini ili uingie huko lazima ulemavu uwe unakufanya uhitaji kufundishwa kwa namna maalumu, na dogo hesabu anawapiga bao wenzie na Kiingereza kinakuja kwa kasi ya ajabu. Alichohitaji ni mazingira yarekebishwe na sisi tumsaidie. Hapo kuna sheria nyingine ya 1973, kifungu cha 504, inayokataza mtu mwenye ulemavu kubaguliwa kwenye taasisi zinazopokea hela za serikali kuu, shule inatakiwa impe marekebisho na hata huduma kama OT. Kasoro yake 504 haina fungu la hela, IDEA inalo kidogo, ndo maana utasikia wilaya zinavutana kimya kimya mtoto awekwe wapi. Mimi maoni yangu 504 ilikuwa sahihi kwake. Ukimwingiza mtoto mgeni elimu maalumu kwa vile ndo kuna fungu, kumtoa baadaye ni kazi.

Basi mpango ukawa hivi. Mkeka mdogo wa mpira usioteleza chini ya karatasi, na kibao chenye mteremko chenye klipu ya kubana juu. Ruhusa ya kuandika amesimama, ikaandikwa kabisa ili mwalimu wa zamu asimsumbue. Meza ikashushwa ili kigasha kilale, maana ilikuwa juu miguu inaning'inia na mwili wote unayumba. Rula yenye mpini. Kwenye zipu nikafunga kamba ya pete kubwa pale chini, ameweza kuivuta na kuibana kwa kidole gumba na kiganja. Kantini tukahangaika nayo, kwanza wakasema mtoto mwenzie ambebee, dogo akakataa, kaona aibu, na mimi sikumlaumu. Mwishoni wapishi wenyewe ndo walikuja na suluhisho, trei yenye ukingo mrefu ambayo wanatumia kwa kitu kingine jikoni, ndani tukaweka kipande cha ule mkeka, anaibana ubavuni kwa mkono wa kushoto anaishika kwa kulia, maziwa yanalazwa. Anakula.

Kwenye dakika zangu 30 za wiki sikuwa namfanyisha mazoezi ya kushika udongo wa rangi kwa sababu tu mkono dhaifu. Kliniki ya nje ndo inashughulika na misuli, kule wanamfunga mkono wa kulia kwa muda ili wa kushoto ulazimike kufanya kazi, mambo ya hospitali hayo. Mimi shuleni namfundisha kazi ya mkono wa kushoto ni kusaidia, na tunaifanya kwenye vitu halisi, kufungua kisanduku cha rangi, kukunja karatasi ya sayansi, kushikilia kitabu kikiwa wazi. Tumekubaliana mkono wa kushoto unaitwa "msaidizi", jina kalichagua mwenyewe kwa sababu aliona kwenye beji yangu nimetafsiri cheo changu hivyo, mtoto ana dharau huyu. Ikawa akisahau kuutumia nasema tu msaidizi yuko wapi, unatoka kwenye sweta.

Mwandiko tulimwachia wa kuunga. Mwalimu alitaka abadilishe aandike herufi mojamoja kama wenzie, OT akamuuliza swali moja, shida ni kwamba mtoto hawezi kuandika au ni kwamba wewe huwezi kusoma? Ikaisha hapo. Mwalimu akajifunza kuusoma, na sasa kuna watoto wawili wengine wanamwomba dogo awafundishe kuandika majina yao kwa "herufi za kifalme".

Kamba za viatu bado. Kufunga kwa mkono mmoja na nusu kuna mbinu yake na tunaijaribu, lakini nyumbani dada yake mkubwa anamfunga asubuhi kwa kuwahi basi, nimeongea na mama, amesema "sawa mwalimu", dada anaendelea kufunga. Mwalimu wa michezo naye bado anamtoa pembeni kwenye mpira wa kudaka, anaogopa ataumia, hapo OT anamtafuta wakae.

Na kimbembe cha sasa ni darasa la nne. Shule yetu watoto wa darasa la nne wote wanajifunza ile filimbi ya plastiki kwenye muziki, na mkono wa kushoto ndo unakaa juu, dole gumba linaziba tundu la nyuma na vidole vitatu mbele. Zipo filimbi zilizotengenezwa za mkono mmoja, bei yake siyo ya ile ya plastiki hata kidogo, OT ameshaandika barua ya kuomba, mwalimu wa muziki anasema apewe ngoma tu yaishe. Dogo nilimuuliza anataka nini, akasema anataka filimbi, ngoma alipiga sana kanisani. Barua bado iko wilayani.